Mbegu Tuliyoinywa Matangani

Imali mwanangu,

Sina mpenzi kijitoni. Sijawahi kuwa naye. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata padri nikiungama, na nimeacha majirani wote waamini vingine kwa sababu uvumi wao ulinifaa. Kule chini, nyuma ya mikaratusi, pale ambapo Kuka, babu yako, husema ni matope matupu, nina shamba. Si kubwa. Wewe ukilala chali, na mimi nikalala kando yako, na mbuzi wetu wote wawili wakalala miguuni petu, tumelijaza. Lakini ni shamba. Ndani yake kuna wimbi, nafaka ya uji, la Kukhu, bibi yako, na ndipo ninapokwenda kila ninaposema nakwenda kuchota maji.

Unakumbuka siku ile Mama Truphosa alipoegemea ua wetu na wenzake wawili, mimi nikipanda kutoka kijitoni na mtungi?

"Mmbone! Maji gani hayo yanachotwa mpaka jua linatua na mtungi unarudi nusu?"

Niliuhamisha mtungi mkono wa pili.

"Huyo kijana si umlete tumwone? Ama hana viatu?"

Wenzake walicheka, mmoja akajishika kiuno. Wewe ukaniuliza kwa sauti kubwa, "Mama mdogo, ni kijana gani?" na mimi nikakubana mkono unyamaze. Jioni hiyo Kuka wako, yaani baba yangu, aliniita nyuma ya nyumba. Akaniuliza kama nimeamua kumwaibisha kabla hata sijafanya mtihani wa kidato cha nne. Niliangalia vidole vya miguu yangu. Unanijua nikiulizwa kitu na mtu mzima, koo langu hufunga kama limetiwa kizibo. Nikaona afadhali nionekane msichana wa kukimbizana na vijana kuliko nionekane mtoto anayeiba ardhi ya baba yake apande kitu ambacho kimekatazwa. Hebu fikiria hilo, Imali. Watu wa huku wanaficha chang'aa, wanaficha bangi. Mimi nimekuwa nikificha uji.

Sasa umekwenda Khayega na Kuka kununuliwa viatu, na kesho asubuhi Senje wako, dada wa baba yako, anakuja kukuchukua. Nimekaa jikoni. Karatasi nimeiweka mezani, na kila nikisikia mtu anapita nje naitia chini ya uteo, najifanya nachagua mawe kwenye maharagwe. Sitakuandikia habari za kuoga, wala za kumsalimia nani kwanza, wala za sare ya Jumatatu. Senje atakufundisha ya kwao. Nataka kukuandikia yale ambayo koo langu halijaweza.

Naanza na neno mwanangu, maana utakutana na watu watakaokuambia sina haki nalo. Mama yako Linet alikuwa dada yangu mkubwa. Alipofariki ulikuwa hujaanza kutembea, na mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi niliyekuwa bado ninacheza mchezo wa kati. Kukhu alikufunga mgongoni mwangu kwa lesso, akakaza fundo, akasema, "Huyu ni wako pia." Kwetu dada wa mama ni mama, basi. Shuleni kwenye insha za Kiingereza niliwahi kukuandika kama mpwa, na mwalimu akaweka alama ya vyema, na mimi nikatoka darasani nikihisi nimekukana.

Juzi wazee wa baba yako walipokuja kutoka Matete, mimi ndiye niliyewamiminia chai. Walizungumza juu yako kwa adabu sana, kama watu wanaogawana ng'ombe huku wakimaliza mandazi. Mtoto ni wa ukoo wetu. Mtoto amekuwa mkubwa. Kwetu kuna shule nzuri na nafasi. Kuka akaitikia, eee, eee. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akiamka ulipokuwa na kikohozi. Nilizunguka na birika mara mbili, sukari na maziwa, na nikatoka nje. Labda wana haki. Labda kule kutakuwa kuzuri kweli, na sitaki uende na moyo mbaya. Ila nimeudhika, na sioni kwa nini barua yangu ijifanye haijaudhika.

Nikuambie sasa ya Kukhu, yaani mama yangu mzazi. Nimezoea kumwita ulivyomwita wewe.

Kila msimu wa kuvuna, kabla wavunaji hawajaingia na visu, Kukhu aliingia shambani peke yake. Mimi nilibeba kikapu, na wewe ulishika pindo la lesso yake. Alichagua mbegu masuke yakiwa bado yamesimama, kwa sababu, alisemanga, likishakatwa kila suke linafanana na mwenzake. Mtu mwingine angechukua makubwa tu. Yeye alichukua makubwa, halafu akachukua yale yaliyokunja vidole kama ngumi, na yale yaliyopanua vidole kama yanaomba, na yale meusi yanayochelewa, na lile jeupe alilokuja nalo kutoka kwao alipoolewa. Mwisho akapanda kwenye mawe, akavunja vijisuke vidogo vilivyokauka kama vimeungua.

Wewe ndiye uliyeuliza, "Kukhu, na haya mabaya ni ya nani?"

"Kwani nyinyi wajukuu wangu wote mko na sura?"

Ulikasirika, akakucheka, kisha akakwambia taratibu kwamba hayo mabaya ndiyo yaliyotulisha mwaka ule jua lilipokataa kuondoka, wakati yale mazuri yote yalilala chini. Na yale ya ngumi ndege hawayawezi. Na yale meusi yanachelewa, lakini ugonjwa ukipita unayakuta bado hayajatoa kichwa. Kila moja lilikuwa na mwaka wake.

Ukingoni mwa shamba kulikuwa na wimbi lingine ambalo hakuna aliyelipanda. Jembamba, vidole vyake kama vya mgonjwa, na mbegu zake hudondoka zenyewe kabla hujazigusa. Hilo ni wimbi-mwitu, na kila mtu hulipiga jembe. Kukhu aliliachia ukingo wake. "Huyo ni shemeji yao," alituambia. "Amekuja kutembea. Mwacheni, hatakula sana." Miaka baadaye, kwenye somo la baiolojia, mwalimu alitueleza kwamba mmea wa porini na ndugu yake wa shambani hubadilishana chavua mara mojamoja, na katika watoto wao hutokea wenye ukaidi wa porini, usiopatikana kwa wale wa nyumbani peke yao. Nilimwona shemeji waziwazi, amesimama pale ukingoni. Nilitaka kunyoosha mkono niseme, mimi hao nawajua. Sikunyoosha.

Masuke ya mbegu Kukhu aliyafunga mafungu, akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Kila fungu alilifunga kwa kitambaa chake. Jeupe alilifunga kwa kipande cha gauni la mama yake. Meusi kwa lesso ya rafiki yake aliyempa mbegu hiyo. Yale ya vidole vilivyopanuka aliyafunga kwa utepe aliochana kwenye sare ya shule ya mama yako, kwa sababu Linet akiwa mdogo alipenda kuyatafuna mabichi. Hakukuwa na maandishi yoyote. Ukitaka kujua ni lipi, unaangalia kitambaa.

Kukhu alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua. Ulikuwa na akili tayari, unakumbuka turubai uani na matope na watu. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wengine kutoka mbali, na siku ya pili unga uliisha. Nilikuwa hapa hapa jikoni nikiosha vikombe Baba alipoingia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alivuta kigoda, akapanda juu, akaanza kuteremsha mafungu.

"Baba, hizo..." nilisema.

"Hizo nini?"

"Hizo ni za Mama."

"Na matanga ni ya nani?"

Nikaendelea kuosha vikombe. Alikuwa mtu aliyefiwa na mke, na wageni wamekaa uani wakinywa chai ya rangi bila kitu. Akafungua vitambaa kimoja kimoja, akavitupa motoni. Nikaona utepe wa sare ukijikunja. Masuke yote yakapelekwa nje, yakapurwa mahali pamoja, mbele ya turubai, meupe na meusi na ya mawe na ya ngumi, yakapepetwa, yakasagwa. Wakapika uji kwenye ile sufuria kubwa ya kanisa. Kilichobaki wazee wakakifanya kimea cha pombe ya busaa baada ya mazishi, nyuma ya nyumba padri asione.

Na watu waliusifu! "Uji huu! Marehemu alikuwa na wimbi tamu." Mzee mmoja aliomba kikombe cha pili akakinywa huku akilia. Mimi pia nilikunywa, Imali. Nilikuwa na njaa. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba ulikuwa mtamu.

Baadaye jikoni nilijikaza nikasema, kwa hii sauti yangu ya mbu, kwamba tumekunywa mbegu. Ndugu mmoja wa Baba akanipiga bega kwa upole. "Usilie, mama. Mbegu si zinauzwa dukani?"

Mbegu gani? Duka gani Khayega linauza wimbi lililozoea mawe yetu? Nilikuja kuuliza kweli. Nilizunguka sokoni Jumamosi nzima, mimi ninayeogopa hata kuuliza bei ya nyanya, nikiuliza kina mama wenye nafaka kama wana wimbi jeupe. Walinionyesha wimbi jekundu. Wote, jekundu, lile lile, limetoka gunia moja. Mmoja akaniambia, "Jeupe? Hiyo ni ya zamani, msichana wangu, nani anataka?" Mimi nataka! Sikulisema, lakini nilitembea mpaka nyumbani nikilirudia barabarani, mpaka mwendesha boda akanigeukia.

Watu wanapita hapa kila wiki wakielekea Isecheno kuangalia msitu. Wana darubini, wana vitabu vya ndege, wanajua majina ya vipepeo. Ndege mmoja akipotea kule wanasikitika, na wana haki. Lile wimbi jeupe lilitembea na mabibi zetu sijui tangu lini, kutoka kwa mama kwenda kwa binti anayeolewa, halikupotea hata mara moja. Likaja kupotelea kwenye sufuria yetu, kati ya chakula cha mchana na cha jioni, na hakuna aliyeinua kichwa.

Mvua iliendelea kunyesha. Turubai ilipoondolewa, pale palipopurwa wimbi pakaota kijani. Baba akasema, "Mmbone, lima hapo. Watu watasema nyumba haina mwanamke." Nikalima. Ila kwanza, asubuhi kabla hamjaamka, nilichimbua miche kwa mkono, nikaitia kwenye karai, nikafunika na nguo chafu, nikashuka nayo kijitoni. Hivyo ndivyo shamba langu lilivyoanza.

Sasa cheka kidogo, maana nimekuwa nikikuandikia kwa meno yaliyobana. Nilikuwa nimekulia shambani kwa Kukhu nikijiona najua, kumbe nilikuwa nabeba kikapu tu. Nilipandikiza kila kitu chenye jani jembamba. Nikakipalilia, nikakimwagilia, nikakitilia mbolea ya mbuzi, nikakisimulia habari za shule. Miche ilipotoa vichwa nikagundua kwamba nusu nzima ilikuwa ile nyasi ngumu ya njiani ambayo ng'ombe huivuta mpaka anakasirika. Niliilea vizuri sana. Hakuna nyasi katika kaunti hii iliyolelewa kama ile. Msimu uliofuata nikajifunza kubana shina kwa vidole karibu na udongo. La nyasi ni bapa na jeupe huko chini, kama limekaliwa. La wimbi linajaa zaidi mkononi. Hakuna aliyenifundisha, na nilitamani mtu wa kumwambia.

Siku ile uliponifuata kijitoni kimya kimya, nilikufukuza kwa maneno makali, nikasema kuna nyoka. Ulirudi unalia. Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na mimi ninaogopa kwamba utamwambia Kuka. Ningekushika mkono nikuonyeshe. Badala yake nilikufanya uogope sehemu nzuri kuliko zote za boma letu, na hilo naliona sasa kama wizi mwingine, niliokuibia wewe.

Waliorudi ni hawa. Wa ngumi walirudi. Wa vidole vilivyopanuka walirudi, na nataka kukuambia kwamba ndio wale wa utepe wa mama yako, lakini sitaapa, kwa sababu vitambaa viliungua na kulikuwa na wawili waliofanana. Meusi ya kuchelewa yalirudi. Na yumo mmoja ambaye Kukhu hakuwahi kumfunga kitambaa. Suke lake ni la nyumbani, lakini likikauka linadondosha mbegu kama shemeji. Ni mtoto wao, yule aliyetoka ukingoni na yule aliyetoka ndani. Yale ya mawe sijayaona. Jeupe halikurudi.

Kwa nini naficha? Unajua kibao kilicho mbele ya shamba letu, kile ulichopigwa nacho picha. Baba alijiunga na kikundi cha wakulima, na shamba letu likachaguliwa kuwa la mfano. Mbegu moja mpya ya wimbi, mistari iliyonyooka, kila mtu aje aone. Alihitaji kitu, Imali. Baada ya Kukhu alikuwa anakaa kwenye kiti tangu asubuhi, na kibao kile kilimwinua, kwa hivyo sikichukii. Wala mbegu yenyewe siisemi vibaya. Msimu wa kwanza ilizaa kushinda ya Kukhu, na uji wako wa asubuhi ulitoka humo. Kilichoniudhi ni masharti. Bwana shamba alisimama pale na gambuti zake, akaangalia ukingo.

"Mzee, hapa sitaki kuona wimbi lingine lolote. Likichanganyika tumeharibu kazi."

"Halitaonekana hata moja, bwana shamba."

Na Baba akainama mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akang'oa ukingo wote kwa mkono. Nilimwona akimng'oa shemeji. Bwana shamba yule angeweza kusema, mzee, ya mama wa nyumba hii yako wapi, tuyaweke mahali pake. Sentensi moja tu. Ni kama kuna mtu aliamua kwamba ili kitu kipya kiingie mlangoni lazima cha zamani kitolewe kwa dirisha, na hakuna aliyetuuliza kama nyumba yetu haina nafasi ya vyote viwili.

Msimu uliopita ulikuja ule ugonjwa wa shingo. Suke linatoka, linaanza kujaza, halafu shingo inakuwa nyeusi na kila kilicho juu yake kinakauka kitupu. Ulianzia upande wa barabara na ukatembea mstari kwa mstari mpaka mwisho, kama watu wanaoitwa majina, maana mimea yote ilikuwa ndugu mmoja na kilichomwua wa kwanza kilikuwa na ufunguo wa wote. Kijitoni pia ulifika. Uliwaua wa ngumi karibu wote. Lakini meusi yalisimama, na yule mtoto wa shemeji alisimama kana kwamba hakusikia habari.

Jioni moja nilimkuta Baba ndani ya mistari yake akigusa shingo moja moja. Nilikuwa na mtungi mkononi. Ilitosha kusema, Baba, njoo huku chini kidogo. Nilikuwa nayo midomoni. Nikapita. Alisema tu, "Umechelewa," nikasema, "Ndiyo, Baba." Mengine yote niliyokosea yanachekesha. Hili halichekeshi. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu ya vile vitambaa, na nikamwacha asimame pale peke yake. Nimekuwa nikiita hiyo haya yangu, ati ndivyo nilivyozaliwa. Siku ile haikuwa haya. Nilitaka aumie.

Usiwe na siri ya namna hiyo na mtu anayekupenda. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa sikia kwa nini naandika leo. Jumanne kikundi kinakuja kusafisha ukanda wa kijitoni wachimbe bwawa la samaki. Nimesikia Baba akipanga kwa simu. "Huko hakuna kitu," alisema, "ni nyasi tu." Na wimbi langu bado ni bichi. Ukibana punje inatoa maziwa. Ikikatwa Jumanne haitaota kamwe. Akiba yangu ya msimu uliopita ni kiganja kimoja tu, maana ugonjwa ulichukua, na ndege wakachukua, na yule mtoto wa shemeji akadondosha za kwake kabla sijafika.

Hicho kiganja nilitaka uende nacho Matete. Asubuhi nilikishonea kwenye pindo la sweta lako. Nilijiona mjanja. Senje wako alipokuja kukuona aliangalia shamba letu akasema, "Huku kwenu bado mnapanda nyasi? Sisi kwetu ni mahindi mpaka macho yanachoka," na nilijua akiziona atawarushia kuku. Halafu, nikiwa nakata uzi, nikafikiria Senje ni mwanamke msafi. Siku ya kwanza tu atalichukua sweta lile alitie kwenye maji moto na sabuni. Mbegu ya Kukhu ingechemshwa mara ya pili, safari hii bila hata kunyweka. Nimezifumua. Ziko kwenye chupa ya dawa yako ya kikohozi, niliyoiosha na kuikausha, na iko juu ya nguo zako, si chini. Senje akiuliza, mwambie ni wimbi la Kukhu wako na unaomba kipembe cha kulipanda, hata nyuma ya choo. Akicheka, acha acheke. Kule mahindi ni mengi, na mwaka ule majani yalipogeuka manjano kwa ugonjwa yaligeuka manjano shamba kwa shamba, boma kwa boma, hata wao wanakumbuka. Wewe usimkumbushe. Omba kipembe tu.

Na akikataa, si kosa lako. Hili nataka ulishike zaidi ya yote. Sikupeleki Matete ukiwa ghala. Wewe ni mtoto, una haki ya kuruka kamba na kusahau. Inaniudhi kwamba kitu kikubwa hivi, chakula cha watu wote, kimeachwa mikononi mwa msichana anayeogopa bei ya nyanya na mtoto mwenye sweta. Kuna watu wazima. Kuna wenye magari na vibao. Nusu ya kiganja kile nimeibakiza hapa, ili usifikiri iko kwako peke yako.

Kwa hiyo lazima niseme na Baba. Nimejizoeza tangu mchana. Nimemwambia mbuzi. Nimeambia sufuria. Kila mara nafika kwenye "Baba, kule kijitoni" na naanza upya.

Nasikia lango. Nasikia sauti yako, unamwonyesha Mama Truphosa viatu. Na gambuti za Baba zinakuja huku jikoni, najua anavyoburuta ule mguu wa kushoto. Uteo uko hapa karibu na mkono wangu. Karatasi naiacha mahali ilipo.

Amefika mlangoni. Anauliza naandika nini. Nimesogea kidogo kwenye benchi.

Amesimama nyuma yangu. Anasoma, polepole, midomo ikicheza kama anavyosoma kila kitu. Siwezi kugeuka. Naweza kuandika, na nikiandika ataendelea kusoma.

Baba, ukifika hapa, tafadhali usinijibu bado. Kule kijitoni kuna wimbi la Mama. Mimi ndiye niliyelipanda. Lingine halikuugua ugonjwa wa shingo, na nilikuona ukigusa mistari yako na sikukuambia, na naomba unisamehe. Jumanne waambie wasikate. Linahitaji wiki chache tu likomae. Twende ukalione sasa, kabla giza halijaingia, na Imali aje. Mimi nitatangulia, njia ina utelezi.